Achitopu ya jazz kwa dola 1,000: Gibson, Ibanez, Eastman, Höfner… ipi?

solo_wa_upanga (Dar es Salaam)
Wakuu, habari za leo. Napiga solo kwenye kikundi cha watu watatu: gitaa, besi na ngoma. Ijumaa na Jumamosi tuko hotelini, siku nyingine popote tunapoitwa. Natumia gitaa la mbao nzima lisilo na uwazi, na sasa nataka achitopu, lile lenye tumbo wazi, uso uliobinuka na matundu ya herufi f. Sauti ya wapiga gitaa wa jazz Wes Montgomery na Joe Pass siipati hapa nilipo, hata nikifunga kitufe cha toni chote. Mfuko wangu ni dola 1,000, nikijikaza 1,300, kabla ya usafiri na ushuru. Kaka yangu yuko Uingereza na anaweza kuninunulia. Kampuni zipi za kuaminika? Kila nikitafuta naona Gibson tu.

mzee_wa_175 (Arusha)
Unaona Gibson kwa sababu gitaa lenyewe limezaliwa kwao. Orville Gibson wa Kalamazoo, Michigan, ndiye aliyeanza kuchonga nyuso za magitaa na mandolini kama inavyochongwa fidla, na kampuni yenye jina lake ikasimama 1902. Mwaka 1922 wakatoa gitaa la L-5, kazi ya enzi za mbunifu wao Lloyd Loar, na humo ndimo matundu ya herufi f yalipoingia kwenye gitaa. 1934 ikaja Super 400, iliyopewa jina kwa bei yake ya dola 400. 1936 ikaja ES-150 ya umeme, ambayo Charlie Christian aliibeba mpaka kwenye bendi ya Benny Goodman.

Lakini kwa swali lako mwaka wa kuukumbuka ni 1949, ilipotoka ES-175. Uso wake haukuchongwa. Ni plaiwudi ya mepo (mbao ngumu) iliyobanwa kwa umbo, na pikapu, vile vinasa sauti vya nyuzi, zimekatiwa humo humo usoni. Wengi wakisikia plaiwudi wanakunja pua, kumbe ndilo gitaa alilopigia Joe Pass, Jim Hall na Pat Metheny. Wes ndiye alikuwa na L-5CES, yaani L-5 ya umeme, ya kuchongwa. Kwa hiyo wewe umetaja sauti mbili zinazotoka kwenye magitaa yaliyojengwa kwa njia mbili tofauti. Amua kwanza unataka ipi, majina ya kampuni yafuate.

Gibson yenyewe isahau kwa bajeti hiyo. Hata 175 iliyotumika iko mbali sana na dola 1,300.

pikapu_mbili (Nairobi)
Boss, chukua Ibanez AF75 ulale. Ni ya ukoo wa Artcore, ulioanza 2002 na unatengenezwa China. Ni plaiwudi, pikapu mbili za koili mbili, na mpya haifiki dola 700. Ile AF55 ni nafuu zaidi na rangi yake imefifishwa, haing'ai. Ibanez si wageni kwenye jazz: mpiga gitaa George Benson amekuwa nao tangu gitaa lake la GB10 la 1977, na Metheny naye ana lake kwao. Ile GB10 ni gitaa la akili sana. Tumbo wamelifanya dogo na pikapu zimening'inizwa bila kugusa uso, ndiyo maana Benson anaweza kusimama mbele ya spika kubwa bila gitaa kuanza kuvuma. Ila bei yake ni habari nyingine.

Pesa itakayobaki weka kwa fundi akupangie daraja (kile kinachobeba nyuzi tumboni) na nati (kile kinachozibeba kichwani), halafu nyuzi bapa, zile zenye uso laini usio na mikwaruzo. Bila nyuzi bapa hata L-5 haitakupa unachotafuta.

uso_wa_kuchonga (Kigali)
Naomba nipinge kidogo. Mnamshauri mtu plaiwudi kana kwamba hakuna njia nyingine, na ipo. Eastman wa Beijing walianza 1992 na fidla, wakahamishia mikono ile ile kwenye magitaa. Uso wa sprusi (mbao nyepesi) unachongwa kwa patasi, mgongo wa mepo vilevile. AR810 yao mtu akiishika bila kuambiwa jina anadhani ni kazi ya fundi binafsi wa Marekani. Ukiona ni ghali, kuna The Loar LH-600, nayo ya China, uso wa kuchongwa, imeigwa kutoka L-5 za miaka ya 1920. Hiyo unaipata ndani ya bajeti yako.

Msikilize Freddie Green kwenye bendi ya Count Basie. Miaka mingi ya kupiga rizimu bila amplifaya katikati ya tarumbeta na saksafoni, na bado gitaa lake unalisikia kama pumzi ya bendi. Plaiwudi haiwezi hiyo.

mzee_wa_175
Ni kweli, lakini Freddie Green alikuwa anapiga rizimu tu, kodi (noti kadhaa kwa pamoja) nne kwa kila kipimo. Huyu bwana ni solo, ana ngoma pembeni na ukumbi una watu wanakula na kuongea. LH-600 haina pikapu, itabidi aiwekee. Akishaiwekea na kupandisha sauti, uso ule mwepesi ambao wewe unausifu ndio utakaotetema na spika na kuvuma kwenye noti za chini. Gibson walienda kwenye plaiwudi kwa sababu ya bei, sawa, lakini uso mzito ukaja kuwa faida mbele ya amplifaya.

Nyumbani, kurekodi kwa maikrofoni, au kupiga na mwimbaji mmoja, hapo nakubaliana na wewe moja kwa moja.

fundi_udi (Unguja)
Assalaam alaykum. Mimi natengeneza maudi zaidi kuliko magitaa, lakini mbao ni mbao. Hakuna aliyemuuliza ndugu yetu gitaa litakaa wapi. Uso wa sprusi iliyochongwa unataka unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Huku kwetu pwani mara nyingi tuko juu ya 70. Uso unakunywa maji, unavimba na kupanda, nyuzi zinakaa juu, mkono unauma. Halafu unaingia nalo ukumbi wa hoteli wenye kiyoyozi kwa muda wa saa nne, linakauka. Unatoka nje, linavimba tena. Kupanda na kushuka huko ndiko kunakopasua mbao, hasa kwenye mstari wa gundi katikati ya uso. Nimeletewa gitaa la kuchongwa, jina silitaji, limeachia kwenye mshono huo huo baada ya msimu mmoja wa masika.

Plaiwudi matabaka yake yamepishana nyuzinyuzi za mbao, kila moja linamzuia mwenzake. Kwa mtu wa Dar anayeingia na kutoka hotelini mimi naona hakuna la kujadili.

uso_wa_kuchonga
Hoja ya hewa naipokea, maalim. Huku Kigali hatuna shida hiyo kiasi hicho. Basi kama ni lazima plaiwudi, Eastman wana AR371, ya mtindo wa 175, pikapu moja ya shingoni. Mpya itamkaza mfuko, lakini kazi ya mikono inaonekana.

Bi_Rizimu (Leicester)
Jamani, kaka wa mtu yuko Uingereza na hakuna aliyetaja Höfner? Karl Höfner alikuwa fundi wa fidla, alianza 1887 Schönbach. Baada ya vita kampuni ikahamia Bubenreuth, Bavaria. Miaka ya 1950 na 1960 Selmer wa London waliyaingiza magitaa yao huku kwa wingi, kwa majina ya Committee, President na Senator. Mpaka leo yanazunguka kwenye maduka ya vitu vilivyotumika, na Senator au President unaweza kuipata chini ya bajeti yako. Kwangu ipo President, na sauti yake ina ukavu fulani mtamu ambao Artcore haina.

Sasa tahadhari. Mengi ya miaka ya 1950 hayana chuma cha kurekebisha ndani ya shingo, kwa hiyo shingo ikipinda hakuna cha kukaza. Ule ukanda wa plastiki unaozunguka ukingo nao huoza na kumomonyoka. Kaka yako asinunue kwa picha. Aende, aangalie shingo kwa kuchungulia kutoka kichwani kuelekea tumboni, apige kila freti, aangalie kama shingo imeanza kuachia pale inapoungana na tumbo.

solo_wa_upanga
Asanteni sana, mmenifungua. Kaka yangu si mwanamuziki, nikimtuma akague shingo ataniletea sufuria 😂. Nauliza na haya mawili: D'Angelico naziona zinauzwa bei ya kawaida, ni zile zile za zamani? Na je, gitaa hili nitaweza kupigia rumba tukialikwa harusini?

mzee_wa_175
Si zile. John D'Angelico alikuwa fundi wa New York, alifungua karakana yake 1932 na kufariki 1964. Alitengeneza magitaa zaidi kidogo ya elfu moja kwa mkono, na mwanafunzi wake James D'Aquisto akaendeleza. Hayo ni mali za makumbusho na matajiri. Yanayouzwa leo ni jina lililonunuliwa, yanatengenezwa Asia. Mengine ni mazuri, lakini usilipie jina. Kinyume chake ni Heritage: jina jipya la 1985, wafanyakazi waliobaki Kalamazoo Gibson ilipohamia Nashville, na jengo ni lile lile la zamani. Ghali kwako, nakujulisha tu.

pikapu_mbili
Rumba inapigika. Bill Alexandre, Mbelgiji aliyepeleka gitaa la umeme Léopoldville (Kinshasa ya leo) mwanzoni mwa miaka ya 1950, alikuwa mpiga jazz. Ila sebene ya kisasa, sauti juu, dansi imechemka? Beba gitaa lako la zamani. Achitopu itavuma na utaichukia bure.

Bi_Rizimu
Kama kaka hajui kukagua, basi kitu kipya chenye dhamana. Aangalie pia Godin 5th Avenue Kingpin ya Kanada, plaiwudi ya mcheri, nyepesi, pikapu ya koili moja. Ikiwa ya mkono wa pili haizidi bajeti.

solo_wa_upanga
Nimeamua: AF75, mpya. Tofauti inayobaki naweka kwenye nyuzi na fundi. Nyuzi bapa za kampuni gani?

fundi_udi
Thomastik za Vienna ni laini vidoleni lakini ghali, D'Addario Chromes zinapatikana kirahisi na sauti yake inang'aa kidogo zaidi. Anza na seti ya 12, yaani uzi mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.012. Jambo moja la safari: daraja la achitopu halijagundishwa, linashikwa na mkazo wa nyuzi peke yake. Mwambie kaka alegeze nyuzi nusu, asizitoe, aweke kitambaa chini ya daraja, na kabla ya hapo apige picha linapokaa. Na wewe ukibadilisha nyuzi, badilisha moja moja.

solo_wa_upanga
Sawa maalim, namtumia ujumbe huu ulivyo.