Wewe wa dirisha la udahili, matokeo ya mdogo wangu si sahani ya kachori!

Dada wa Muheza:
Wakuu, nimeingia nyumbani sasa hivi, hata viatu sijavua. Mikono inatetemeka, mkiona herufi zimepinda mnivumilie.

Mnamjua. Kila aliyepeleka mtoto pale chuoni anamjua. Kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja inayoandika, kila fomu anaazima ya kwako na hairudi. Jina simtaji, nikilitamka leo simu itaungua.

Nimempeleka mdogo wangu, kitinda mimba wetu, kuombea diploma ya uuguzi. Tumetoka Muheza alfajiri, tumekaa foleni jua la Tanga linatuchoma kama tumeliibia. Hela ya fomu ni ya bi mkubwa, machungwa ya msimu mzima. Zamu yetu ikafika. Jamaa kapokea karatasi ya matokeo ya kidato cha nne, kailaza mezani, KAWEKA KACHORI JUU. Kachori ya moto, inachuruzika mafuta na ukwaju! Katafuna nusu, kaisogeza iliyobaki kwa kidole, kachungulia chini yake, halafu kwa sauti ya mnadani:

"Binti, kwa D tatu hizi unataka kuuguza nani?"

Foleni nzima ikacheka. Mlinzi wa getini akacheka. Nadhani hata Mombasa walisikia.

Kuuguza nani! Mtoto aliyemgeuza bibi yetu kitandani miezi minne, usiku na mchana, anaulizwa atauguza nani na mtu mwenye ukwaju kidevuni!

Sasa sikilizeni. Mtoto ana Kiswahili B, Kemia D, Biolojia D, Fizikia D. Mwongozo wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, kwa diploma ya uuguzi unataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, Kemia, Biolojia na Fizikia zikiwemo. Anayo yote manne. Na D ni ufaulu, alama 30 mpaka 44. Nikamwambia hivyo kwa adabu zote. Akanijibu, "Dada, D ni F iliyovaa tai." Akamsukumia fomu ya kozi nyingine kabisa, eti huko nafasi bado zipo.

Hawa watu wanafundishwa lini kazi yao? Konda wa daladala anaijua nauli ya kila kituo. Huyu kakalia mlango wa maisha ya watoto wetu, na D haijui! Wapelekwe darasani, wasomeshwe mwongozo mpaka waote nao, wafundishwe na kusema na watu.

Karatasi ninayo hapa. Doa la mafuta limekaa juu ya Kemia. Mdogo wangu tangu stendi ya Kange mpaka nyumbani hajasema neno. Kuuguza nani!

Chuma cha Reli:
Yule! Mimi mwaka juzi aliniuliza kama cheti changu nimechapisha mwenyewe. Akakipandisha kwenye mwanga wa dirisha kama noti bandia.

Kalamu Nyekundu:
Punguza povu, dada. D tatu ni D tatu. Kuwa na sifa si kuchaguliwa, wapo watoto wenye B na C wanaitaka nafasi hiyohiyo.

Dada wa Muheza:
@Kalamu Nyekundu nimeomba achaguliwe? Nimeomba asiwekewe kachori kwenye matokeo! Aandike fomu, akikosa nafasi akose kwa haki. Wewe ndiye uliyecheka nyuma yangu pale foleni nini?

Mpwa wa Pangani:
Mimi niko udahili, chuo kingine, nasema ukweli wangu. Msimu ukifika tunaokotwa tu. Tunapewa fulana, vipeperushi na idadi ya wanafunzi wa kuleta, basi. Mwongozo niliusoma mwenyewe usiku baada ya kumharibia mtoto mmoja: nilimhesabia Elimu ya Dini ya Kiislamu kama somo la nne, akalipa fomu, akakataliwa. Mpaka leo nikimuona mama yake sokoni navuka barabara. Hakuna siku bosi alituketisha akatuambia ufaulu unahesabiwaje, wala mtoto anayelia dirishani unamjibu nini. Dada, mpe pole mdogo wako.

Dada wa Muheza:
@Mpwa wa Pangani asante ndugu yangu. Wewe angalau unavuka barabara. Yule alimalizia kachori.

Mama Wawili:
Afadhali nyie mna mtu wa kumtukana. Mimi mwanangu kamaliza diploma, anataka digrii, anasubiri AVN, ile namba ya NACTVET ya kuthibitisha diploma yake. Kila nikipiga chuoni, "mtandao unasumbua mama." Dirisha la maombi litafungwa mtandao unasumbua!

Chuma cha Reli:
Hao wa AVN usiniguse, mama. Chuo kilichelewa kupeleka matokeo yangu, nikakaa nyumbani mwaka mzima.

Kalamu Nyekundu:
Mwaka mzima na kupiga hukupiga?

Chuma cha Reli:
Nilipiga mpaka vocha za dukani zikaisha, usinichokoze.

Mzee wa Chumbageni:
Wanangu, mie nauliza tu. Kachori ya moto asubuhi, yenye ukwaju, kainunua wapi? Kule Ngamiani wanaanza kukaanga jioni.

Mvuvi wa Sahare:
Mzee, barabara ya kumi na tatu asubuhi zipo. Ila ukwaju wao ni maji matupu.

Mzee wa Chumbageni:
Maji matupu hayaachi doa. Huyo kanunua kwingine.

Dada wa Muheza:
Jamani! Mtoto hajala tangu tumefika!

Mvuvi wa Sahare:
Pole dada. Mzee, kesho asubuhi nikupitie na baiskeli, tukaonje zote mbili?