Dirisha la nyuma la paa la turubai limepasuka: nibadilishe dirisha pekee au paa zima?

MpandaMilima

Habari za wakati huu, wakuu. Nina Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile iliyoanza kuuzwa mwaka 1989, yenye paa la turubai la kukunja na dirisha la nyuma la plastiki linalofunguliwa kwa zipu. Plastiki hiyo ilianza kuwa ya manjano muda mrefu uliopita, nami nikaivumilia, lakini wiki iliyopita nililikunja paa asubuhi ya baridi kali bila kufungua zipu kwanza, na nilipolirudisha jioni nikakuta ufa wa urefu wa kiganja, umefuata mstari uleule ambao plastiki imekuwa ikijikunja miaka yote. Nimeuziba kwa selotepu ndani na nje. Maji hayaingii, ila usiku taa za magari yanayonifuata hutawanyika kiasi kwamba kioo cha kutazamia nyuma hakinisaidii kitu.

Naomba kujua kama dirisha linaweza kubadilishwa peke yake, kama mtu mwenye cherehani ya nyumbani anaweza kulishona, na kama inawezekana kuachana na plastiki na kuweka kioo halisi.

FundiTurubai

Pole, mkuu. Ufa umetokea siku ya baridi, lakini kilichoiharibu plastiki ni jua. Madirisha haya ni vinaili iliyochanganywa na vilainishi, na kadiri miaka ya jua inavyopita vilainishi hutoka kidogo kidogo, hata plastiki ikabaki kavu na ngumu. Baridi ikija, mkunjo mmoja unatosha.

Dirisha linabadilika peke yake, lakini kagua turubai kabla ya kununua chochote. Keti ndani ya gari mchana, paa likiwa limefungwa, na utazame juu, hasa pale turubai linapopita kwenye mbavu za fremu na kwenye pembe za nyuma. Ukiona vitundu vya mwanga, kitambaa kimelika. Kisha shika mshono unaozunguka dirisha kwa vidole vya mikono miwili na uvute taratibu kwenda pande mbili: matundu ya sindano yakifunguka na kubaki wazi baada ya kuachia, turubai hilo halitashika uzi mpya. Nimeona watu wakishona dirisha zuri kwenye turubai lililokufa, na mwezi haukupita kabla kitambaa hakijachanika pembeni mwa mshono mpya.

Kwenye gari lako zipu inazunguka juu na pembeni, na ukingo wa chini umeshikwa pamoja na turubai kwa vibao vya chuma vyenye nati, nyuma ya viti. Ukifungua nati hizo, uwe mpole sana na mfereji wa plastiki unaopokea maji ya mvua, kwa sababu kwa umri huu huvunjika kama biskuti. Zipu ikiwa bado nzima, usiing'oe kwenye turubai. Fumua nusu iliyo upande wa dirisha tu na uishonee plastiki mpya, maana meno ya zipu mpya yakitofautiana kidogo na ya nusu iliyobaki, haitafunga.

Kuhusu kushona: tumia plastiki ya unene wa kati ya milimita 0.75 na 1, na uzi wa poliesta unaostahimili jua, kwa kuwa uzi wa pamba huoza. Chora umbo la dirisha la zamani kwenye karatasi ngumu kabla ya kulikata, na uweke alama za katikati juu na chini, kwa sababu dirisha likihama sentimita moja tu paa zima hujikunja kombo. Mishono iwe mirefu, milimita 5 au 6. Ikisongamana, unakuwa umetoboa mstari wa kuchania. Cherehani ya nyumbani hupata shida hapa, kwani plastiki hung'ang'ania mguu wa cherehani na mishono huwa mifupi na mirefu bila mpangilio. Karatasi laini ikiwekwa juu ya plastiki husaidia, nayo huchanwa baadaye. Hata hivyo, kwa maoni yangu fanya kazi ya kufumua na kukata mwenyewe, kisha mpe mshonaji wa viti vya magari mshono wenyewe.

MkonoWaGundi

Nakubaliana na fundi, nami nitajibu swali la tatu. Kioo hakishonwi kwenye turubai la zamani la plastiki. Njia inayofanya kazi ni kununua paa zima lenye kioo, lililotengenezwa kwa vipimo vya kizazi cha pili cha gari hilohilo, kilichokuja mwaka 1998 kikiwa na dirisha la kioo. Paa hilo hukaa kwenye fremu yako, na hutalazimika tena kufungua zipu kila unapolikunja. Kioo hicho mara nyingi huwa na nyaya nyembamba za kuondoa ukungu, ambazo zinahitaji umeme na swichi. Usipoziunganisha, kioo hufanya kazi yake kama kawaida.

Naongeza onyo kwa wenye magari ambayo kioo kimegandishwa kwenye kitambaa kwa gundi, kwa kuwa nililipia somo hili. Kioo changu kilibanduka ukingo wa juu, nikakirudisha kwa gundi ya papo hapo. Ilikauka ikawa ngumu, na mkunjo wa pili tu ukaibandua tena pamoja na nyuzi za turubai. Inayofaa ni gundi ya yurethani, ile inayotumika kubandika vioo vya mbele, kwa sababu hubaki na unyumbufu. Kwangura gundi ya zamani yote, safisha kioo kwa spiriti, paka praima (dawa ya kwanza inayosaidia gundi kushika), na ufungue vishikizo vya paa vya mbele ili turubai lisivute gundi ingali mbichi. Nilikiegemeza kioo kwa mbao kutoka ndani na mifuko ya mchanga nje, nikasubiri siku nzima, na sikulikunja paa kwa wiki moja.

MpandaMilima

Nashukuru sana. Nimefanya ukaguzi kama alivyoelekeza fundi: zipu ni nzima, lakini pembe ya kushoto ina vitundu vinne vya mwanga, na matundu ya mshono upande huohuo hayakurudi nilipoachia. Upande wa kulia uko imara. Je, kiraka kwa ndani hakitoshi?

FundiTurubai

Kiraka kitazuia maji, lakini hakitabeba mvuto wa dirisha, na pembe hiyo ndiyo inayovutwa zaidi paa linapofungwa. Ningekuwa wewe ningenunua paa zima lenye kioo kama alivyosema mwenzangu. Wakati unalisubiri, acha paa likiwa limefungwa, na usisugue plastiki ikiwa kavu wala kutumia dawa ya vioo yenye amonia; maji mengi na kitambaa laini cha pamba vinatosha. Selotepu ya nje uibadilishe kabla jua halijaigandisha, la sivyo utaacha gundi juu ya dirisha.

MpandaMilima

Nimeelewa. Naagiza paa lenye kioo, na hiyo mifuko ya mchanga naanza kuitafuta leo.

MkonoWaGundi

Mifuko hutaihitaji, mkuu. Kwenye paa jipya kioo huja kimeshagandishwa. Tafuta spana ya milimita 10 na mtu wa kukusaidia kuvuta turubai upande wa pili.