Binti anataka faundesheni ya sanaa kabla ya digrii, huo si mwaka wa kupotea?

MamaZuu
Habari zenu wapendwa, naomba mawazo maana humu ndani tumegawanyika. Tupo Leicester, binti yangu wa kwanza anamaliza A level mwaka huu, alichukua biolojia, kemia na sanaa, sisi tulishajua ni ufamasia, juzi ndo anatuambia hataki anataka chuo cha sanaa, halafu sio hata kuanza digrii moja kwa moja, eti anaanza faundesheni ya mwaka mmoja. Nikamuuliza huo mwaka unasoma nini akasema "kila kitu mama". Kila kitu ndo nini jamani? Baba yake kanyamaza, na mnajua mume akinyamaza. Kuchora anajua sikatai, bibi yake alipofariki alimchora kutoka kwenye picha ya simu tukalia wote sebuleni. Sasa kama anajua, faundesheni ya kazi gani? Na ada je? Ana 18, anatimiza 19 Novemba.

WinoMweusi
Dada pole na hongera kwa pamoja. Mimi nilipita hukohuko, sasa nachora vitabu vya watoto hapa London. Tuanze na pesa maana ndo inauma. Kwa England mtoto akiwa hajafika 19 ifikapo tarehe 31 Agosti ya mwaka anaoanza, vyuo vingi vya serikali havimtozi ada ya faundesheni, na wa kwako kwa hiyo Novemba yake anapita. Akisema apumzike mwaka kwanza ndo utamlipia. Vifaa ni juu yenu. Na mkiulizia chuoni waulizeni kabisa na habari ya vibali vyenu na miaka mliyokaa, msije mkashtukizwa Septemba.

Sasa "kila kitu" hajakudanganya. Wiki za mwanzo wanazungushwa, huku mitindo na vitambaa, huku grafiki, huku uchongaji na vitu vya kusimama, huku uchoraji wenyewe, ndo baadaye unachagua njia yako na kumalizia na kazi moja kubwa ambayo wanaionyesha kwa watu mwisho wa mwaka. Mimi niliingia najua ni mtu wa rangi za mafuta tu. Wiki ya kwanza mwalimu katufungia mkaa wa kuchorea kwenye fimbo ndefu kama mita, karatasi chini sakafuni, mtu kasimama mbele, dakika 2 anabadili mkao, unachora na ile fimbo mkono unatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Nilikasirika, nikasema nimetoka kote huko nije kuchora kama chekechea? Kumbe ndo dawa, maana nilikuwa nimezoea kunakili picha mpaka jicho likalala. Zuu naye anachora kutoka kwenye simu, atatolewa huko, ajiandae.

Halafu kwenye usaili apeleke daftari lake la michoro, lile chafu lenye michoro iliyoharibika na chai imemwagikia. Picha yangu niliyoweka fremu waliipita tu, lile daftari walikaa nalo.

Kitu kingine, mwambie baba yake mapema: kuna darasa la kuchora mtu akiwa hana nguo. Ni kawaida kabisa, ila asije akalisikia kwa jirani.

BwanaHesabu
Mimi nitakuwa mkweli, mwaka wa bure sio bure, ni mwaka wa mshahara umekatwa mwishoni. Na kwa nini asiende Scotland, kule digrii ni miaka 4 na mwaka wa kwanza ni huohuo wa kuonja onja, anaunganisha.

WinoMweusi
Bwana Hesabu hapo umeruka namba moja, Scotland ada imefutwa kwa wakazi wa Scotland, mtoto wa Leicester analipa kama kawaida tena miaka yote 4. Kwao faundesheni ya bure halafu digrii ya 3 ni nafuu. Ila kuna ubaya mmoja ambao watu hawausemi, mtoto anaanza Septemba na maombi ya digrii yanafungwa Januari, yaani hata hajatulia anatakiwa aseme anataka kuwa nani. Kwa hiyo Krismasi hiyo msimwalike harusi yoyote. Na akimaliza kwa daraja la juu kwa ile faundesheni ya levo 3, ngazi sawa na A level, anapata pointi 112 za UCAS, wale wanaopokea maombi ya vyuo, sio karatasi ya mapambo.

FundiRangi_Dar
Nyie mnalalamika mwaka mmoja, mimi faundesheni yangu ilikuwa kukaa pembeni ya mzee wa michoro ya Tingatinga pale karibu na Morogoro Stores, miezi mingapi sijui najaza rangi ya nyuma tu, kwenye hadibodi, rangi ya mafuta ya mabati ile, yeye anaweka chui mimi naweka mawingu. Nilijifunza mkono ila sikuwahi kuulizwa wewe unataka kuchora nini. Hicho ndo mtoto anakwenda kuulizwa huko.

Mama Zuu, mzee akiendelea kununa mwambie balozi wetu wa kwanza London baada ya uhuru, mwaka 1961, alikuwa mchoraji. Sam Ntiro, mtu wa Kilimanjaro, alisoma sanaa Makerere kisha Slade, chuo cha sanaa hukohuko London.

MamaZuu
Asanteni sana, Mungu awabariki, nimesoma yote mara mbili. Nimempa baba Zuu simu asome ya balozi, kasoma kimya, karudisha, baada ya kama nusu saa yuko jikoni anauliza huo mkaa wa kuchorea ni huu wa nyama choma au unauzwa dukani. Nikajua hapo tumefika.

La watu wasio na nguo bado sijamwambia.