Muvi ya kumtafuta muuaji: binti wa miaka 13 aangalie au asubiri?

Mleta mada
Wadau habari za muda huu. Naombeni mnisaidie kufikiri maana humu ndani tumegawanyika mimi na mama watoto. Binti yetu ana 13, wenzake wamepanga wakutane kwa mmoja wao wikiendi waangalie Knives Out, ile ya 2019, mzee tajiri mwandishi wa vitabu vya upelelezi anakutwa amekufa asubuhi baada ya pati yake ya kuzaliwa halafu anakuja mpelelezi kuhoji familia nzima. Kwenye madaraja ya umri wa watazamaji Marekani wameipa PG-13, Uingereza 12A, kwa hiyo kimakaratasi mtoto anaruhusiwa. Mama yake anasema mambo ya maiti na damu yasubiri. Mimi nilikuwa nasema mbona taarifa ya habari ina mabaya kuliko hayo na anaiangalia kila siku, ila jana usiku nimekaa nikaiangalia mwenyewe na sasa hata mimi sielewi nasimama wapi. Karibuni.

Mpenda Muvi
Mkuu mwache mtoto aangalie. Zile muvi za mapigano watu arobaini wanakufa ndani ya dakika kumi na hakuna anayeuliza hata jina la mmoja wao, steringi anafuta jasho tunaendelea. Kwenye upelelezi anakufa mtu mmoja na saa mbili nzima hakuna kulala mpaka ijulikane nani, kwa nini, alikuwa wapi saa ngapi. Mtoto anajifunza kwamba mwenye sura mbaya sio lazima ndo mwenye hatia, na anayelia sana msibani naye wa kuangaliwa. Mimi hizi nimeanza nazo nina 11 na sijaua mtu 😂

Mama wa Watatu
@Mpenda Muvi kaka yangu saa mbili za nini, dakika ya ishirini marehemu ameshasahaulika watu wanatafuna bisi wanabishana muuaji nani kama wanabeti mpira. Ndo kitu ambacho mimi sikipendi, kifo kinageuzwa kitendawili, tega nikutege. Mtu mzima anajua huo ni mchezo, wa miaka 13 anajua pia sikatai, ila kujua na kuzoea ni vitu viwili.

Nipo Kando
Tuwekane sawa kwanza kwenye hizo namba maana naona watu wanazichukulia kama cheti. PG-13 ya Marekani ilianza 1984, wazazi walikuwa wamelalamika muvi kama Gremlins zinapewa PG ya kawaida, yaani mzazi aelekeze tu, wakati zinatisha watoto, ikawekwa daraja la katikati. Lakini haimzuii mtu yeyote kuingia, ni onyo kwa mzazi basi. Hata R, ambayo ni kali zaidi ya hiyo, chini ya miaka 17 anaingia akiwa na mzazi. Uingereza 12A mtoto wa miaka sita anaingia akiwa na mtu mzima, ila wakiandika 15 wanamaanisha 15, hata uje na ukoo mzima.

Halafu Marekani lile tusi lao kubwa linaloanza na F likitajwa zaidi ya mara moja kwa kawaida muvi inapandishwa R. Yaani tusi linahesabiwa moja moja, maiti hazihesabiwi hivyo. Sasa wewe mzazi unayetegemea namba, fikiria inapima nini. Afadhali usome yale maandishi madogo ya chini yake, kwa hii wameandika ukatili wa muda mfupi, lugha kali, maneno ya ngono na mambo ya dawa za kulevya.

Mleta mada
Mkuu @Nipo Kando umenigusa penyewe, maana kilichonikosesha usingizi hakipo kwenye hayo maandishi madogo. AMBAYE HAJAIANGALIA ARUKE HAPA. Yule mzee anajikata koo mwenyewe. Na anafanya hivyo ili kumwokoa nesi wake, anamtuma atoke, anampangia la kusema, halafu basi. Damu sio nyingi kihivyo. Ila ni kujiua, na muvi inakuonyesha kama tendo la upendo, unatoka unampenda yule mzee. Mwaka jana binti yangu alimpoteza mwenzao darasani kwa njia hiyohiyo ya kujiua. Hatukuongea sana, tulidhani yamepita. Mama yake hajui kama hii sini ipo, bado tunabishana habari ya damu.

Mpenda Muvi
Duh. Umeniharibia utamu kwa wasioiona lakini hapo nanyoosha mikono. Pole sana mkuu.

Kijana Mtulivu
Hiyo muvi naipataje wakuu

Mama wa Watatu
@Kijana Mtulivu jamani wewe 🤦🏾‍♀️
Mleta mada pole baba. Mwambie mkeo leo leo, mnabishana kila mtu na muvi yake. Na mtoto muulizeni waziwazi kuhusu yule mwenzake, msiogope kulitaja, wataalamu wa afya ya akili wameshasema sana kwamba kumuuliza mtu habari ya kujiua hakumpandikizii hilo wazo. Mimi naendelea kusema asiende, lakini sasa nina sababu nyingine.

Binti wa 16
Shikamooni wakubwa, samahani naingilia. Mkimkataza ataiona tu, kwenye simu vinakatwa vipande vifupi na kipande kitakachosambaa ni hichohicho kibaya, bila mwanzo wala mwisho. Ila mimi ningekuwa yeye tatizo lingekuwa wenzangu. Ukiwa umekaa nao sebuleni ikatokea kitu kama hicho ghafla huwezi kutoka, huwezi kulia, unacheka wanavyocheka. Nikiwa nyumbani nabonyeza pozi naenda chooni nakaa huko.

Nipo Kando
Marahaba. Huyu mtoto ametushinda wote.

Mleta mada
Marahaba mwanangu, asante sana. Mrejesho wadau. Nimemwambia mama yake, akanyamaza muda mrefu, akasema haya twende tukaongee naye. Tumemweleza binti kuna sini ya hivyo na haiko mwisho, inakuja mapema tu. Akauliza inakuja dakika ya ngapi. Nikarudi kuitafuta, nikamwambia. Akaandika kwenye simu yake akaingia chumbani. Sijui anataka dakika ili aende au ili asiende, na wikiendi ndo keshokutwa.