Gabriel kajengewa sanamu, Adrien kafichwa ukweli: fainali ya msimu wa tano wa Miraculous imeniumiza

Kamwene wakuu.

Kama hujafika mwisho wa msimu wa tano wa Miraculous, ile katuni ya Ladybug na Cat Noir, ishia hapa hapa, maana naanika kila kitu. Nina hasira tangu juzi usiku na haijapungua.

Mimi ni fundi cherehani, niko Iringa mjini, Mlandege. Katuni hii naiangalia na mtoto wa dada yangu mwenye miaka 11. Yeye aliipenda kwa ajili ya mapambano. Mimi kilichoniteka ni Marinette mwenyewe, ambaye ndiye Ladybug, binti wa waoka mikate wa Paris anayechora nguo, anakata, anashona kwa mikono yake. Ilianza kutoka 2015, fainali hii ni ya 2023, na sisi tumeiangalia yote kwa mpangilio, kwa flashi na kwa bando, umeme ukikatika tunasubiri. Kwa hiyo asije mtu kuniambia "si katuni tu ya watoto".

Naanza na skafu. Wengi wanalalamikia sanamu na kusahau uongo ule ulipoanzia.

Msimu wa kwanza, siku ya kuzaliwa ya Adrien, kijana ambaye ndiye Cat Noir, Marinette anamtengenezea skafu ya buluu. Baba wa Adrien, Gabriel, hana zawadi yoyote. Nathalie, msaidizi wake, anaichukua ile skafu na kuitoa kama imetoka kwa baba. Adrien miaka mitatu mfululizo alikuwa akipewa na baba yake kalamu ile ile, kwa hiyo siku hiyo anafurahi mpaka uso unang'aa. Marinette anaiona furaha ile, anameza mate, ananyamaza. Nililia, jamani. Nimeshona miaka mingi, najua inavyouma kazi ya mikono yako ikivishwa jina la mtu mwingine. Lakini nikasema huyu binti ana upendo, na skafu ni skafu, nikasamehe.

Fainali wamerudia jambo lile lile, ila safari hii anayedanganywa anadanganywa maisha yake yote.

Tukumbushane Gabriel alikuwa nani. Ndiye adui mkuu wa katuni nzima: ndiye Hawk Moth, ndiye Shadow Moth, ndiye Monarch. Misimu mitano anavizia watu wenye uchungu, anawatumia kipepeo, anawageuza majitu. Hata August, mtoto mchanga, hakumwacha. Na kwenye kile kipande cha Chat Blanc, Cat Noir aliyegeuzwa kuwa mbaya, tuliona alivyomgeuza mwanawe wa kumzaa mpaka dunia ikaangamia na mwezi ukapasuka. Msimu huu wa tano anamtenga Adrien na Marinette, anamfungia London kwenye chumba cheupe kama mfungwa. Na uhai wenyewe wa Adrien umefungwa kwenye pete za familia, kijana wa watu hajui.

Mwishowe anazipata hereni za Ladybug na pete ya Cat Noir, vito vya uchawi vinavyowapa nguvu, na mwenye vyote viwili anatimiziwa ombi; anatoa matakwa yake, anakufa yeye na Nathalie anapona. Hapo sina ugomvi kabisa. Mtu mbaya anaweza kufanya jambo moja jema siku yake ya mwisho, na mimi hapo nilimhurumia. Ningemsifu mwandishi kama angeishia hapo.

Lakini Paris nzima inaambiwa Gabriel alikufa shujaa, akipambana na Monarch. MONARCH NI YEYE! Anajengewa sanamu. Adrien anasimama mbele ya sanamu ile akiamini, na pembeni yake yuko Marinette, mtu anayempenda kuliko wote, naye anajua kila kitu.

Huku kwetu mtu akifa tunasoma wasifu wa marehemu, na kila aliyekaa msibani anajua kuna mambo yanarukwa. Kuruka ni heshima kwa wafiwa, sikatai. Ila sijawahi kusikia mtu aliyeuza shamba la wanawe anasomewa kwamba alikufa akililinda. Huko kunaitwa kuwadhulumu watoto mara ya pili.

Na kuhusu sanamu, ukitoka Iringa kwenda Morogoro unapita Lugalo. Pale kuna mnara wa Zelewski, kamanda wa Wajerumani aliyeuawa na wapiganaji wa Mkwawa tarehe 17 Agosti 1891. Mnara ni wa adui na umesimama mpaka leo, lakini hakuna mtoto wa Iringa aliyewahi kuambiwa kwamba Zelewski alikufa akitutetea. Mtoto wa dada yangu ameshapelekwa pale na shule yake. Juzi baada ya sanamu kuonyeshwa akaniuliza, "Mamdogo, sasa Adrien ataambiwa na nani?" Sikuwa na jibu.

Halafu hili la pambano. Jina la Cat Noir liko kwenye kichwa cha katuni, sambamba na la Ladybug. Ni staringi wawili. Misimu mitano anarushwa, anakandamizwa, anajitoa mhanga ili mwenzake ashinde, na siku ya kumkabili adui mkubwa HAYUPO. Yuko kwenye kile chumba alichofungiwa na baba yake, ameteswa na jinamizi mpaka anaogopa kwamba mkono wake mwenyewe utamuua Marinette, anavua pete na kumpa Plagg, kale kakiumbe ka pete yake, aipeleke kwa Ladybug. Marinette anavaa zote mbili na kwenda peke yake. Kupendeza anapendeza, sikatai, lakini aliyekuwa na haki ya kusimama uso kwa uso na Gabriel ni mwanawe. Wamemnyima vita, wakamnyima ukweli.

Najua mtakuja kumtetea Marinette kwamba aliogopa, kwamba alishaona Chat Blanc, kwamba Adrien angevunjika. Naelewa hofu yake, ana miaka ya shule yule. Lakini Chat Blanc alitokana na Gabriel kumgeuza mwanawe. Ukweli wenyewe haukumvunja mtu. Na mwingine ataniambia nisubiri msimu wa sita ulioanza 2025. Fainali ilipaswa kufunga habari ya baba na mtoto, na hiyo habari wameizika pamoja na Gabriel. Kila nitakachokiangalia kuanzia sasa, Adrien akicheka, nitakuwa nakumbuka anacheka kwa kuwa hajui.

Nilikuwa nimeshanunua kitambaa chekundu cha madoadoa meusi, nimshonee mtoto vazi la Ladybug la sherehe yake ya kuzaliwa. Jana kaja dukani kutoka shule, kasema hataki tena, anataka la Cat Noir. Nimempima. Litakuwa jeusi, na mkia nitautoa kwenye mkanda kama wake.