Skripti za R mnazotuachia Malindi na Lamu hazimalizi hata msimu mmoja!

Karani_wa_Bandari:
Mabwana na mabibi wa semina, uzi huu ni wenu. Mnafunga projekta, mnafundisha R, programu ya takwimu, siku mbili tatu, mnagawa vyeti na flashi yenye folda iitwayo "uchambuzi_mwisho_kabisa", kisha mnakimbilia ndege Manda. Miezi michache baadaye skripti, yaani lile faili la amri, haiendi, na anayetukanwa ni karani wa data wa BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo) kule Ngomeni au Kizingitini, eti "hawa vijana hawakuelewa".

R yenyewe msiisingizie. Ni programu huru yenye leseni ya GPL, iliyoanzishwa Auckland na Ross Ihaka na Robert Gentleman. Toleo la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000, na hadi leo hakuna anayekudai senti. Lakini ni programu inayobadilika kila mwaka, na pakeji zake, zile nyongeza za amri, hubadilika kila wiki. Kumkabidhi mtu skripti bila kumwambia iliandikwa kwa matoleo gani ni kumshushia jahazi majini bila kulitia kalafati.

Fungueni hiyo skripti yenu tuisome pamoja. Mstari wa kwanza ni `setwd("C:/Users/Consultant/Desktop/Fisheries")`. Kompyuta ya nani hiyo? Wa pili, `rm(list = ls())`, unafuta vitu vya mwenyewe bila kumuuliza, na wala hauziondoi pakeji zilizokwisha kupakiwa, kwa hiyo hata usafi mnaoudhania haupo. Wa tatu ndio unaotumaliza:

`install.packages("tidyverse", dependencies = TRUE)`

Nani aliwafundisha hiyo TRUE? Pakeji zinazohitajika huja zenyewe bila kuandika neno. TRUE huongeza zile zilizopendekezwa tu, ambazo mwandishi anazitumia kwa majaribio na maelezo yake, nazo zinakuja na jamaa zao. Anayelipia ni mtu wa Faza anayevuta intaneti ya simu kwa bando la siku. Kwa hesabu za samaki wanaoshushwa bandarini, `readr`, `dplyr` na `ggplot2` zinatosha.

Na hata hizo hazina haja ya kupakuliwa na watu ishirini, kila mtu na bando lake. Mmoja mwenye mtandao mzuri anafanya hivi:

`p <- c("readr", "dplyr", "ggplot2")`
`zote <- unique(c(p, unlist(tools::package_dependencies(p, recursive = TRUE))))`
`download.packages(zote, destdir = "D:/pakeji", type = "win.binary")`

Folda ya D:/pakeji (D ndiyo flashi) iwepo kabla. Mtaona maonyo kwamba `stats`, `utils` na `methods` hazipatikani; achaneni nayo, hizo zimo ndani ya R tayari. Wengine wote wanachomeka flashi na kuandika:

`install.packages(list.files("D:/pakeji", pattern = "zip$", full.names = TRUE), repos = NULL, type = "win.binary")`

Hakuna hata megabaiti moja iliyotumika. Sharti ni moja: namba mbili za mwanzo za toleo la R zilingane. Zipu zilizopakuliwa kwa R 4.4 msizipeleke kwenye R 4.2. Hii ilistahili kuwa somo la saa ya kwanza ya semina, wala haimo hata kwenye kijitabu chenu.

Sasa matoleo. Kwenye R 4.0 alama ya kupitisha matokeo kwa amri inayofuata, `|>` haipo, ilikuja na 4.1.0 mwaka 2021, kwa hiyo skripti inafia mstari wa saba na "unexpected '>'". Ramani zenu za `readOGR` zilikufa rasmi Oktoba 2023, pakeji za ramani `rgdal`, `rgeos` na `maptools` zilipoondolewa CRAN, ghala kuu la pakeji za R. Leo ni `sf::st_read` na `terra`. Bado kuna watu wanagawa skripti za `readOGR`! Na aliyewaambia mtumie `checkpoint` (pakeji iliyochota matoleo ya zamani kutoka MRAN, ghala la Microsoft) kwa sababu "MRAN inahifadhi kila kitu" awaambie pia kwamba Microsoft waliifunga MRAN Julai 2023.

Hayo lakini yana nafuu, maana yanapiga kelele. Unaona maandishi mekundu, unajua kuna jambo. Ghadhabu yangu hasa ni kwa yale yanayokwenda kimya kimya mpaka kwenye ripoti.

Chukueni safu ya uzito. Karani ameandika 0.8, 1.2, 12.5, na mahali pamoja ameweka dashi. Kabla ya R 4.0.0 ya Aprili 2020, `read.csv` iliona dashi ile ikaigeuza safu nzima kuwa faktari, yaani makundi yaliyopewa namba. Kisha skripti yenu inaita `as.numeric(d$uzito)`, na kinachotoka si uzito, ni namba za mpangilio wa makundi: kilo 12.5 inakuwa 4, dashi yenyewe inapewa kilo 1. Hitilafu hakuna, grafu nzuri inachorwa. Kwenye R mpya dashi inakuwa NA, yaani thamani isiyojulikana, na onyo linatoka. Kwa hiyo skripti ileile na faili lileile, kompyuta mbili za ofisi moja, majibu mawili. Dawa ni kuandika wazi wakati wa kusoma: `na.strings = c("", "-")`.

Halafu hiyo dashi ilimaanisha nini? Chombo kilirudi kitupu, au samaki hawakupimwa? Tupu ni 0, kutopimwa ni NA, na tofauti yake si ndogo. Dau la kwanza lina watu 2 na kilo 12, la pili watu 10 na kilo 30, la tatu watu 3 na halikupata kitu. Kilo 42 kwa watu 15 ni 2.8 kwa mvuvi. Ukichukua wastani wa kila dau (6, 3, 0) unapata 3. Ukiweka `na.rm = TRUE`, inayoruka NA, na dau tupu likaingia kama NA, wastani unaruka hadi 4.5. Halafu mnashangaa mbona wavuvi wa Mayungu wanacheka ripoti ikisema bahari imeneemeka.

La msimu ndilo linalonionyesha kwamba hamkumuuliza mtu wa pwani hata mmoja. Mmeandika `group_by(mwaka, msimu)`. Kaskazi huvuma takriban Novemba hadi Machi, inavuka mwaka! "Kaskazi 2023" yenu imebeba Januari hadi Machi 2023 pamoja na Novemba na Desemba 2023, ambazo ni kaskazi mbili tofauti zilizounganishwa kiunoni, katikati yake kusi nzima. Ni mstari mmoja tu:

`mwaka_msimu <- ifelse(mwezi >= 11, mwaka + 1, mwaka)`

Majina ya samaki nayo: "changu", "Changu" na "changu" yenye nafasi mwishoni ni spishi tatu kwa R. `tolower(trimws(jina))` kwanza, ndipo muhesabu spishi. Na tarehe ziandikwe 2023-04-03, basi, maana Excel iliyopangwa kwa Kimarekani inasoma 3/4/2023 kama Machi 4 na zile za tarehe 13 kwenda juu inaziacha kama maandishi. Mkikuta 45000 kwenye safu ya tarehe, si uzito wa papa: `as.Date(45000, origin = "1899-12-30")` itawapa Machi 15, 2023.

Nasubiri majibu, na msiniletee habari za "capacity building".

Mwana_Shela:
Kaka umetusemea. Ongeza na hili. Mwalimu wangu anakataa ANOVA yangu (kulinganisha wastani wa vikundi) ya malema na mishipi kwa sababu SPSS, programu ya takwimu ya kulipia, inampa thamani ya p nyingine. Anasema programu ya bure haiaminiki. Nimjibu vipi bila kumvunjia heshima?

Karani_wa_Bandari:
Mwambie kwa adabu kwamba zote mbili ziko sawa, zinajibu maswali tofauti. `aov()` hutumia jumla za miraba za aina ya I, yaani kwa mfuatano, kwa hiyo `zana + msimu` na `msimu + zana` zinatofautiana pale idadi za vikundi hazilingani, na data ya bandarini hailingani kamwe. SPSS huanza na aina ya III, inayopima kila kigezo vingine vikiwa vimezingatiwa. Kuipata kwenye R, andika kwanza `options(contrasts = c("contr.sum", "contr.poly"))`, jenga modeli upya kwa `lm`, kisha `car::Anova(modeli, type = 3)`. Ukisahau ule mstari wa kwanza na modeli ina mwingiliano, aina ya III itakupa takataka zenye nyota tatu.

Akija na suala la robo, yaani alama zinazogawa data mara nne, mwambie `quantile()` ina njia tisa; R huanza na `type = 7`, SPSS na Minitab hutumia 6. Na wa Python, lugha nyingine ya programu, wasichekelee. Namba 2, 4, 4, 4, 5, 5, 7, 9: `numpy.std` inatoa 2, `std` ya pandas inatoa 2.138, kwa kuwa ya kwanza inagawa kwa n (idadi ya namba) na ya pili kwa n − 1. Ukiandika "mkengeuko sanifu" kwenye ripoti bila kusema ni upi, umeandika nusu.

Mtoa_Semina:
Ndugu yangu, maneno makali hayo. Sisi tunapewa siku tatu na washiriki wengine hawajawahi kushika kompyuta. Hayo ya matoleo ni ya wataalamu, na kompyuta zenyewe nyingine ni za biti 32. Tufanyeje?

Karani_wa_Bandari:
Mheshimiwa, biti 32 ndiyo sababu ya kuandika toleo, si kisingizio cha kuliacha. R iliacha biti 32 za Windows tangu 4.2.0 ya mwaka 2022. Ya mwisho kwao ni 4.1.3, na pakeji zake hazisasishwi tena, kwa hiyo skripti yako ijaribiwe humo kabla hujaja, si kwenye Mac yako.

Mshiriki hahitaji kujua chochote cha matoleo. Kazi ni yako wewe, kwa pakeji ya `renv` inayoorodhesha matoleo: `renv::init()` unapoanza, `renv::snapshot()` unapomaliza, na faili la `renv.lock` uliweke ndani ya ile flashi. Ni maandishi matupu. Usimwambie tu mtu apige `renv::restore()`, inayorudisha matoleo hayo, ukaondoka, kwa sababu matoleo ya zamani mara nyingi hushuka kama msimbo ghafi, yatadai Rtools, zana za kuujenga msimbo huo, na Rtools ni mamia ya megabaiti. Mwekee zipu zake kando. Badala ya `setwd` weka faili la mradi la `.Rproj` na njia fupi kama `data/samaki.csv`. Kama kuna bahati nasibu yoyote, usitegemee `set.seed(123)` peke yake, kwani `sample()` ilibadilishwa katika 3.6.0 na mbegu ileile (namba ya kuanzia) inatoa samaki wengine. Taja `RNGkind`, njia ya kuzalisha namba nasibu, pia.

Na hiyo skripti ya mwaka jana bado unayo kwenye kompyuta yako. Iendeshe leo, andika `sessionInfo()`, inayotaja matoleo yote, mwishoni, ubandike hapa kila kilichotoka.