Tupeane uzoefu: mliowahi kutengeneza (au kulizwa na) sehemu ya kulipia bili kwenye app za hela

Msanii wa Skrini
Wakuu habari za mchana. Nimepewa kazi ya kudizaini sehemu ya kulipia bili kwenye app ya hela ya ofisini kwetu, yaani umeme, maji, ving'amuzi, kontrol namba za serikali, vyote humo humo. Nilijua ni kazi ya wiki mbili, unaweka listi ya watoa huduma, kiboksi cha namba, kiboksi cha kiasi, namba ya siri, umemaliza. Sasa hivi ni mwezi wa tatu na bado nakuna kichwa.

Naanza mimi. Toleo la kwanza nilimpelekea mama mkubwa ajaribu kununua umeme, akaenda vizuri tu mpaka pale palipoandikwa "Weka kumbukumbu namba". Akanyamaza. Akanitazama juu ya miwani, "kumbukumbu ya nini tena mwanangu?" Nikamwambia weka tu mama. Akaweka 1958.

Nikagundua mimi nimekopi lile neno kwenye menyu za simu bila kufikiri, sisi tumeshalizoea miaka yote halituumizi tena, ila ukilitazama kwa macho ya mtu mgeni halisemi chochote. Nikabadilisha, ukichagua LUKU (umeme wa kulipia kabla) inaandika "Namba ya mita, tarakimu 11", ukichagua malipo ya serikali inaandika "Kontrol namba, tarakimu 12, inaanza na 99". Kitu kidogo ila mama mkubwa alipita.

Haya leteni zenu, mliotengeneza na mliotumia, hasa mliolizwa.

Fundi wa Seva
Mkuu umegusa pabaya. Hapo kwenye mita usiishie kuhesabu tarakimu. Kwenye namba ya mita, ile tarakimu ya 11, ya mwisho, siyo ya pambo, ni ya kuhakiki, inapigiwa hesabu kutoka kwenye zile kumi za mbele (ni hesabu ileile ya kadi za benki). Maana yake mtu akikosea tarakimu moja simu yenyewe inajua hapohapo kabla hata hujagusa intaneti. Sisi tulikuwa tunapeleka kila kitu seva, seva inapeleka kwa kampuni ya kati, kampuni ya kati inapeleka mbele, sekunde 20 mteja anaangalia kiduara kinazunguka halafu anaambiwa "namba si sahihi". Sekunde 20 za bure. Tulipoweka hiyo hesabu kwenye simu malalamiko ya aina hiyo tukawa tunayasikia kwa nadra.

Ila kisa changu kikubwa ni cha kurudisha hela. Bosi alisema mteja asisubiri, ikifika sekunde 60 tokeni (zile tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita) haijaja hela irudi yenyewe. Ikasikika vizuri kwenye kikao watu wakapiga makofi. Jumamosi moja usiku mtandao ukawa mzito, majibu yanakuja baada ya dakika mbili tatu. Unajua kilichotokea? Hela zimerudi NA tokeni zimekuja. Na tokeni ikishatengenezwa haifutwi, ile mtu anaingiza kwenye mita yake anawasha feni. Jumatatu mhasibu alituita chumba kidogo.

Toka hapo nikaelewa kuna hali tatu siyo mbili. Imefanikiwa, imeshindikana, na HAIJULIKANI. Hii ya tatu ndo kazi yenyewe, zile mbili hata mtoto anadizaini.

Msanii wa Skrini
@Fundi wa Seva sasa kwenye hiyo haijulikani mlimwandikia nini mteja? Maana hapo ndo nilipokwama, kila nnachoandika ama kinamtisha ama kinamdanganya.

Fundi wa Seva
Mwanzo tuliandika "Muamala wako unashughulikiwa". Mtu anasoma hiyo anafanya nini? Analipa tena. Tulikuwa na mteja kalipa mara nne elfu tano tano, zote zimeingia, ana umeme wa kutosha mpaka Idi. Kwa hiyo fanya vitu viwili. Cha kwanza, app itengeneze namba ya muamala KABLA ya kutuma, na akibonyeza tena iende na namba ileile, seva ikiiona mara ya pili ijue ni yuleyule haichukui hela nyingine. Cha pili, akienda kuanza upya kwa mita ileile kiasi kilekile ndani ya muda mfupi muulize kwanza, "una malipo ya 5,000 ya mita hii bado tunasubiri tokeni, unataka kulipa tena?" Usimzuie, wapo wanaotaka kweli. Muulize tu.

Mama wa Floti
Mimi siyo mtu wa kompyuta ni wakala hapa Mbagala ila naomba niseme maana nyinyi mnatengeneza tunaotukanwa ni sisi. Mteja anakuja saa tatu usiku giza kwake, anataka LUKU ya elfu tatu, namnunulia, hela imekatika kwangu meseji haiji, anasimama hapo mlangoni ananiangalia kama mwizi. Namwonyesha simu, simu imeandika kiduara tu kinazunguka. Nifanyeje? Siku moja mzee mmoja alikaa kwenye benchi langu mpaka nafunga, nikampa hela yangu akaondoka, asubuhi tokeni ikaingia na mzee simjui anakaa wapi. Zile uniti sijui nimtumie nani maana ni za mita yake, kwangu haziingii.

Kwa hiyo wanangu wekeni kitu ninachoweza kumwonyesha mteja, kiasi, saa, namba ya mita, na imeandikwa kwa Kiswahili kwamba hela IMETOKA na tokeni inasubiriwa. Akisoma mwenyewe anatulia. Na herufi ziwe kubwa jamani.

Mpangaji Sugu
Mama wa Floti pole sana 😂 huyo mzee sasa hivi anakusema vizuri huko aliko.

Mimi kisa changu ni zile namba za mita zilizohifadhiwa. Nilihama Tabata nikahamia Kinyerezi, kwenye app nilikuwa nimesevu mita "Nyumbani". Nimehamia nikaongeza mita mpya nayo nikaiita "Nyumbani mpya", akili za kibinadamu. Siku umeme umeisha usiku nina usingizi nikabonyeza Nyumbani, elfu 20, namba ya siri, fasta. Tokeni imekuja naiingiza, kirimoti (kile cha kubonyezea tokeni) kinaikataa, naingiza tena kinakataa, nikaanza kuitukana mita. Mke wangu ndo akasema hebu angalia jina. Jina la mwenye nyumba wa zamani. Na app ilinionyesha jina hilo kabla sijalipa, kwa herufi ndogo za kijivu pale chini, nani anasoma ya kijivu saa sita usiku?

Nilimpigia nikamsomea tokeni akaingiza akanishukuru sana. Hela mpaka leo.

Jirani wa Rongai
Wasee wa Bongo mko sawa? Huku kwetu Kenya shida ni paybill, ile namba ya kampuni unayoilipa kwa simu. Stima (umeme) ya tokeni ni 888880, ile ya bili ya mwisho wa mwezi ni 888888. Angalia hizo namba vizuri. Mzee wangu mtaani alikuwa ameziandika zote mbili kwa kikaratasi nyuma ya mlango, akalipa ya tokeni kwa ile nyingine, akakaa giza siku mbili akingoja meseji na hakuambia mtu juu ya kiburi.

Kwa app tuliyojenga tukatoa namba za paybill kabisa, mtu anachagua "Stima, natumia tokeni" ama "Stima, naletewa bili", namba tunaijaza sisi chini ya maji. Watu walipinga ati wateja wanapenda kuona namba ndio waamini. Walikuwa na pointi, tukairudisha kwa risiti. Si lazima uiandike wewe, lakini ukitaka kuiona iko.

Na hiyo "account number" pia ni mambo. Watu huandika jina lao. Wengine huandika "rent".

Mtoto wa Darajani
Nyinyi wa bara mnasahau kwamba Unguja si LUKU, ni Tukuza. Kuna app moja nikitafuta "umeme" inanipa LUKU tu, Tukuza imefichwa kwenye "Huduma nyengine" pamoja na bahati nasibu. Bi mkubwa wangu kanunuliwa umeme na mtoto wake alioko Dar, kijana kachagua LUKU kaweka namba ya mita ya huku, imekataa mara tatu. Kosa la kijana, sawa, lakini wewe uliyetengeneza unajua mita ya watu iko wapi? Weka zote mbili pamoja, andika Bara na Zanzibar, umemaliza.

Msanii wa Skrini
@Mtoto wa Darajani hii naiandika sasa hivi, kusema kweli Tukuza na mimi nilikuwa nimeiweka kwenye "nyingine". Samahani ndugu yangu.

Dada wa Simu
Nimekaa huduma kwa wateja miaka minne, hii mada nilikuwa naisubiri. Simu zinazouma kuliko zote siyo za tokeni kuchelewa, ni za "mmeniibia". Mwisho wa 2023 nilipokea moja siisahau, kaka kaweka 10,000, mwezi wa nyuma yake, aliponunua mara ya pili, alipata uniti 28.1, mara hii kapata 23.9. Kapiga amevimba, anasema app inakula uniti nne. Nikamfungulia mchanganuo, 1,500 imeenda kodi ya jengo maana ndo ununuzi wake wa kwanza mwezi ule, ikabaki 8,500, humo ndani VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3, EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, na bei ya uniti ilikuwa 292. Nikapiga hesabu naye kwenye simu kidogo kidogo, akafika 23.86 mwenyewe. Akasema "sasa si mngeandika tu dada yangu".

Na kweli, kwenye meseji ndefu mchanganuo ulikuwepo, ila kwenye app dizaina alibakisha kiasi na tokeni tu ili skrini iwe safi. Usafi wenyewe ulituletea simu za wiki nzima kila mwanzo wa mwezi. Usiweke yote juu, weka tokeni kubwa juu halafu chini ya hapo "10,000 yako imegawanyika hivi".

Fundi wa Seva
Dada wa Simu umenikumbusha 2024. Mita hizi za tokeni zinahesabu muda kwa dakika tangu mwanzo wa 1993, na hesabu ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024, mita ambayo haijaboreshwa kabla ya hapo isingepokea tokeni mpya. Kwa hiyo mteja akinunua anapewa tokeni TATU, mbili za kuboresha mita halafu ya tatu ndo umeme wenyewe, na lazima ziingie kwa mpangilio.

Sasa hifadhidata yetu nafasi ya tokeni ilikuwa tarakimu 20 kamili. Aliyeiandika nani? Mimi. Zilipokuja tatu zimeungana 60 app ikakata, inaonyesha ya kwanza tu. Watu wanaingiza, mita inakubali, uniti haziongezeki. Tuliporekebisha zikaonekana zote, wakawa wanaanza na ya tatu kwa sababu chini yake ndo paliandikwa uniti! Mwishowe dizaina akaziweka moja moja, "Hatua ya 1 kati ya 3", unaingiza unabonyeza "imekubali" ndo inakuja inayofuata.

Msafiri wa Maskati
Salaam. Mimi niko Oman, mama yupo Tanga, umeme namnunulia mimi kwa laini ya nyumbani niliyokuja nayo. Tokeni inakuja kwangu, mita iko kwao. Nampigia dada WhatsApp namsomea, "sifuri nne tisa mbili", "sifuri nne tisa ngapi?", mtandao unakata, tunaanza upya, nyuma namsikia mama anasema mwambieni samaki kwenye friji wanaharibika. Tarakimu ishirini hizo ndugu zangu. Kuna app nyingine sasa hivi inauliza "tokeni itumwe namba ipi?", naweka ya dada, imeisha. Aliyefikiria hicho kitu Mungu ampe maisha marefu. Na tokeni ikipita kwa watu watatu haina hasara, inaingia kwenye mita yake tu na mara moja tu.

Mama wa Floti
Msafiri hata huku wapangaji wanachanga LUKU vyumba vitano, hela analeta mmoja, tokeni inaenda kwenye grupu lao. Wakipewa kitufe cha kutuma moja kwa moja watashukuru, sasa hivi wanaipiga picha skrini ya simu kwa simu nyingine.

Msanii wa Skrini
Jamani nimejaza kurasa. Skrini ya kusubiri nimeiandika upya hivi, nipondeni:

"Elfu tano imetoka kwenye akaunti yako saa 3:12 usiku. Tokeni ya mita ya Mama Tanga haijafika. Usilipe tena, tutakutumia meseji ikifika hata ukifunga app. Ikishindikana kabisa hela inarudi na tutakwambia."

Chini kuna kitufe cha kumwonyesha mtu mwingine, herufi kubwa, mandhari nyeusi kwa sababu saa hizo ni giza na simu ina chaji asilimia tatu. Tokeni ikifika inagawanywa nne nne na skrini haizimiki. Jina la mwenye mita nimelitoa kwenye kijivu nimeliweka juu ya kiasi, na mita ambayo hujainunulia miezi miwili inashuka chini yenyewe.

Dada wa Simu
"Ikishindikana kabisa" lini? Wataniuliza mimi hiyo.

Msanii wa Skrini
Dah. Narudi kwa watu wa seva.

Mpangaji Sugu
Nimeingia kwenye app yangu sasa hivi baada ya kusoma hii mada. Mita ya Tabata bado iko pale, ya kwanza kabisa kwenye listi. Ndo naifuta.